Nani Kabaki Nje? Niliyosema Tanga kuhusu ubaguzi chuoni

Wengi hamkufika ukumbini, wengine mvua, wengine testi, wengine mlisema mko njiani mkaishia kwenye mihogo, basi nimeiandika yote kama nilivyoiongea. Zile picha za ukutani nimeziacha. Someni.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawagusa, hamjambo?

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Na nyie wanangu wa fasti yia mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni, marahaba, najua mmeniamkia kimoyomoyo.

Nimepewa mada, ubaguzi wa rangi na haki sawa chuoni. Nilivyomtajia jirani yangu akashangaa, akasema mwalimu, ubaguzi wa rangi Tanga hii? Si mambo ya Marekani hayo? Si ya makaburu? Sisi hapa Mdigo, Mhindi, Mwarabu, Msambaa, Mmakonde, wote tunapanga foleni kwa muuza mihogo mmoja, ubaguzi unatokea wapi? Na jirani yangu hajasema uongo jamani. Kweli tunaishi pamoja. Lakini kuishi pamoja ni habari moja na kupata pamoja ni habari nyingine, na mimi leo nimekuja kuongelea hiyo ya pili.

Kwa hiyo msitegemee niwaulize nani ana roho mbaya. Roho za watu anazijua Mungu. Mimi swali langu moja tu, nani kabaki nje? Mtalisikia sana leo, mpaka mlichoke.

Tuanze na mji wenyewe. Ukitoka hapa ukachukua bajaji ukamwambia dereva nipeleke Raskazone, utapita viwanja vikubwa, miti, upepo wa bahari, nyumba moja na nyumba nyingine mpaka upige kelele ndo jirani asikie. Halafu mwambie akurudishe Ngamiani. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaenda mpaka ishirini, zimenyooka kama mistari ya daftari, nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakwambia pole. Hivi mnadhani ilitokea tu? Mnadhani watu wa Ngamiani hawapendi upepo? Huu mji ulipangwa. Mjerumani kaupanga, Mwingereza kaja kaendeleza, Wazungu kule penye upepo, Wahindi kule kwenye maduka, Waafrika Ngamiani. Na ukiniuliza nani alisimama njia panda kuwatukana watu warudi kwao, ntakwambia hata hakuhitajika. Ramani ilitosha.

Shule hivyo hivyo. Mji huu ndo ulipata shule ya serikali ya kwanza nchi hii, mwaka 1892, Wajerumani walitaka makarani na watu wa kuwatumikia. Sifa yetu hiyo, tunaipenda, sawa. Ila ukija wakati wa Mwingereza unakuta shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake na wanafunzi wa rangi yake, na huo mfumo ulidumu mpaka tumepata uhuru, umefutwa rasmi Januari 1962. Elfu moja mia tisa sitini na mbili! Humu ukumbini wamo wazee waliokuwa wameshazaliwa.

Kuna mzee mmoja wa Ngamiani alinihadithia, yeye utotoni alikuwa anauza machungwa, yale ya Muheza, anayapanga karibu na uwanja wa shule moja ambayo haikuwa ya watoto wa rangi yake. Anakaa pale kuanzia asubuhi mpaka jua kali, anaangalia wenzake wanacheza mpira kwenye majani mabichi. Nikamuuliza, mzee, walikuwa wanakufukuza? Akaniangalia, akasema mwanangu, hakuna aliyewahi kunifukuza, kwa sababu sikuwahi kujaribu kuingia.

Mmesikia? Hakufukuzwa. Ukienda leo ukasema tufanye uchunguzi, tutafute tukio la ubaguzi kwenye uwanja ule, hutaandika hata mstari mmoja. Hamna matusi, hamna kofi, hamna shahidi. Na mtoto yuko nje.

Sasa kuna kitu kingine wanafunzi wengi hawafundishwi, au wanafundishwa wanakariri wanasahau. Mwaka 1955 kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika waliweka wale wajumbe wasio wa serikali, thelathini. Wakagawana. Waafrika kumi, Wahindi kumi, Wazungu kumi. Kumi kumi kumi. Kwa karatasi safi kabisa, hata mwalimu wa hesabu angewapa tiki. Sa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wahindi hawafiki laki moja, Wazungu elfu 20 na kidogo. Halafu ukilalamika unaambiwa lakini si wote mna kumi? Mnataka nini tena? Uchaguzi wa 1958 na 1959 nao ukaja na kura tatu, lazima umchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, ukimpigia mmoja tu kura yako imeharibika, na ili upige kura kuna masharti ya kipato juu, na TANU walikaa Tabora Januari 1958 wakabishana karibu wagawanyike, tushiriki au tugome, mwisho wakashiriki wakawabwaga kwa masharti yao wenyewe.

Kwa nini nawapeleka huko? Kwa sababu chuoni nasikia kila siku, "mimi sibagui, mimi nawatendea wote sawa". Kumi kumi kumi na yenyewe ilikuwa sawa.

Haya, tuje hapa hapa chuoni.

Mnajua mkonge. Hamna mtu wa Tanga asiyejua mkonge. Uliletwa 1893, daktari mmoja Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Tanga hai sitini na miwili tu, na kutoka kwenye hiyo sitini na miwili nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Hiyo historia tunaipenda, tunaihadithia wageni. Tunayoiruka ni ya waliokata. Wenyeji wa hapa hawakuitaka sana ile kazi, na haki yao, kazi ya mateso ile. Kwa hiyo wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, Rwanda, Burundi, wanapakiwa kwenye malori na treni, wanapewa kipande, wanawekwa kambini. Manamba. Wengi mkataba ukiisha wakarudi, wengine hawakurudi, wamezikwa huku huku Korogwe na Muheza.

Sasa nina mwanafunzi wangu, sitamtaja, Muha wa Kigoma, kijana makini sana. Amefika fasti yia, wiki ya pili tu grupu la WhatsApp la darasa lishampa jina. Mrundi. Mara mkimbizi. Mara anatengenezewa sitika. Yeye anacheka, anatuma na emoji. Nikatoa asaimenti ya grupu, watu sita sita, nikasema jipangeni wenyewe. Wakajipanga. Yeye na wengine watatu wakabaki, hawana grupu, wakaungana hao hao waliobaki. Nani hao wengine? Dada mmoja mwenye ualbino, kijana wa Kimasai, na mama mmoja mtu mzima anayesoma huku analea. Hamna hata mmoja darasani aliyesema hao tusiwachukue. Kila mtu kachukua marafiki zake tu, kosa liko wapi? Na mimi ndo nauliza, nani kabaki nje? Wanne wale. Bahati mbaya hiyo? Ukirusha shilingi mara nne ikaangukia upande ule ule, na semista inayofuata tena upande ule ule, utaniambia bahati mbaya?

Baadae nikakaa na yule kijana. Akaniambia mwalimu, la grupu dogo, nishazoea. Kuna ofisi moja nilienda kufuatilia karatasi zangu, wenzangu wa mikoa mingine wamehudumiwa na cheti cha kuzaliwa tu, mimi nikaambiwa leta na cha baba, nikaleta, leta na cha babu. Cha babu! Hivi nani humu ana cheti cha kuzaliwa cha babu yake? Nyoosha mkono. Mnaona. Na babu wa huyu kijana kumbe alikuja Tanga kukata mkonge, ana kaburi huku, kwa hiyo anayeulizwa kwenu wapi ni mjukuu wa mtu aliyejenga mji wetu.

Najua watu watasema, mwalimu unakuza mambo, huo ni utani. Haya tuongee kuhusu utani, maana hapa mnapajua vizuri kuliko mimi. Wazigua, Wabondei, Wasambaa, Wadigo, tuna watani wetu na utani una sheria zake. Mtani anakutukana, unamtukana, mko sawa. Mtani akifiwa wewe ndo unafika na vituko vyako, unawachekesha waliofiwa, na kazi unafanya, kuni unabeba, kaburi unachimba. Utani ni deni la pande mbili. Sasa wewe unayemwita mwenzio Mhindi gabachori kila siku, akifiwa ushawahi kwenda msibani kwao? Unapajua hata kwao? Wewe unayemwita yule dada zeruzeru, umempa ruhusa akuite nani? Kama upande mmoja unatukana na upande mwingine kazi yake kucheka ili asionekane ana gubu, huo utani wa kabila gani? Mi siujui.

Na kwa kuwa nimewataja Wahindi ngoja niseme yote, nisije nikasema nusu nikaonekana namwogopa mtu. Kuna binti alikuwa kwenye kozi yetu miaka ya nyuma, Mtanzania wa asili ya Kihindi, kazaliwa Chumbageni, Kiswahili chake cha Tanga kimenyooka, akiongea usipomuona unasema huyu wa Pongwe. Akagombea CR, yaani mwakilishi wa darasa. Sera nzuri, kaandaa mpaka ratiba ya kutoa kopi za notsi kwa bei nafuu. Kampeni ya mpinzani wake ikawa sentensi moja, "atuongoze Mhindi, arudi kwao". Kwao! Kwao si Chumbageni? Unampandisha daladala ya mia ngapi kufika kwao? Akashindwa, na baada ya hapo darasani hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza.

Upande wa pili nao tusiufiche. Kuna nyumba za kupanga mjini humu, nimehadithiwa na wanafunzi zaidi ya mmoja, unapiga simu unaambiwa chumba kipo, unafika wakiona sura yako chumba kimepata mtu dakika hiyo hiyo. Kuna maduka ukiingia mweusi anatumwa mtu akufuate nyuma nyuma kila rafu, na anayetumwa mweusi mwenzio. Hayo yapo. Ila dawa yake sio kumlipizia binti wa Chumbageni kwenye uchaguzi wa CR, yeye hajamnyima mtu chumba.

Hili nchi hii ilishalijadili, na kwa ukali. Oktoba 1961, uhuru bado miezi miwili, sheria ya uraia iko bungeni, wapo wabunge walitaka uraia uangalie rangi, Mwafrika mweusi ndo awe raia basi. Nyerere akasimama akakataa, akawaambia wazi mnafanya kama Hitler. Na kumbukeni alikuwa anawaambia watu wake, wa chama chake, waliotoka kubaguliwa juzi tu, wana hasira za kweli. Ingekuwa rahisi kuwapigia makofi.

Halafu kuna yule kijana wa Kimasai. Siku moja anarudi maktaba usiku, kavaa shati na suruali, begi mgongoni, masikio ndo yametobolewa kama mila yao. Kafika getini, mtu kamuuliza, "leo zamu yako inaanza saa ngapi?"

Mmecheka. Yeye alivyonihadithia hakucheka. Kwa sababu haikuwa mara moja. Kila akipita usiku, onesha kitambulisho, fungua begi, we si mlinzi wa hosteli ile? Wenzake wanapita wanaongea na simu. Mwisho akaacha kwenda maktaba usiku. Hakumshtaki mtu, hakuandika barua, kaacha tu. Na maktaba hiyo mchana haina nafasi, mnajua wenyewe. Matokeo yakatoka ana sapu mbili, mitihani miwili ya kurudia, na kwenye fomu ya matokeo hamna sehemu ya kuandika "geti".

Hapo ndo ninapopataka. Sapu inaonekana, geti halionekani.

Sasa nije kwenye haki sawa, maana hapa ndo watu wanapigana.

Yule dada mwenye ualbino. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya kama 1,400 ana ualbino, ni wengi kwetu kuliko sehemu nyingi za dunia, na nyie wote mnakumbuka zile habari za kuanzia miaka ya 2006, 2007, 2008, watu wanauawa wanakatwa viungo, watoto wanafichwa. Sirudi huko kwa urefu. Nataka niongelee kitu kidogo kinachoonekana cha kawaida, karatasi ya mtihani.

Wenye ualbino wengi macho yao yana uoni hafifu, miwani haimalizi tatizo lote. Mtihani umechapwa maandishi madogo, chuo kinabana karatasi, mnajua. Dada kaomba karatasi yake ichapwe kwa herufi kubwa na aongezewe muda. Mwalimu, mtu mzuri tu, mcha Mungu, akamjibu mtihani ni mmoja kwa wote, nikikupa wewe wengine watasema napendelea. Kumi kumi kumi hiyo! Umeisikia? Maswali yale yale, muda ule ule, karatasi ile ile, na mtu mmoja humo ndani anatumia nusu ya muda kusoma swali.

Na fildi nayo. Tunapanga kazi za fildi saa saba mchana juani, wote sawa. Kwa ngozi ile jua ni saratani, sio usumbufu, ni saratani. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni ya jua maalumu kwa ajili yao, Kilisun, watu wamekaa wakafikiria hilo, sisi tunashindwa kuhamisha fildi iwe saa moja asubuhi, ambapo hata nyie wengine mngefurahi?

Sasa atatokea mjuaji atasema, lakini mwalimu Katiba inasema watu wote ni sawa. Nzuri. Ibara ya 12, binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Usiifunge Katiba, geuza ukurasa. Ibara ya 13, kifungu kidogo cha 5, kinaeleza kubagua ni nini, kinataja kabila, pahala mtu alipotokea, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Halafu mwishoni pale, ambapo wengi hawafiki, kinasema hilo haliizuii serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Za makusudi! Waliotunga waliliona hili kabla yetu. Kwa hiyo kumchapia dada karatasi ya herufi kubwa sio kuvunja usawa, ndo kuutekeleza.

Na mbona nyie wenyewe mnalikubali likija na hela? Bumu. Bodi ya Mikopo iko kwa sheria ya 2004, toka inaanza kazi 2005 mkopo unaangalia uhitaji, mtoto wa mkulima wa Handeni asiye na kitu na mtoto wa bosi hawapewi asilimia sawa, au hawatakiwi kupewa sawa, mambo ya utekelezaji tuyaache leo tusije tukalala hapa. Nani alishawahi kuandamana kusema bumu ni ubaguzi kwa watoto wa matajiri? Hamna. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwahi kuweka programu ya kuwaandaa wasichana kuingia kozi za sayansi, wakapata watu ambao wangepotea. Hata serikali baada ya uhuru iliwapa Waafrika kipaumbele kwenye kazi za umma, maana walikuwa wamefungiwa nje, halafu Januari 1964 Nyerere akatangaza basi, sasa raia ni raia, rangi isiangaliwe. Mtu anaweza kubishana kama ilikuwa mapema au la, mi naona ujasiri ulikuwa kote kuwili, kuianza na kuimaliza.

Na msidhani ni huruma. Abdallah Possi alikuwa anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla hajateuliwa naibu waziri Desemba 2015. Mtu mwenye ualbino. Kuna darasa fulani mahali fulani alikaa akaweza kusoma. Nawauliza walimu wenzangu, angekuwa kwenye darasa lako angemaliza?

Kuna wanaopenda ubaguzi uwe wa mbali tu. Januari 2016 dada yetu Mtanzania, mwanafunzi, alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru, India, wakamdhalilisha, kisa kuna ajali ilisababishwa na Mwafrika mwingine kabisa, Msudani, yeye hajui hata mwanzo wake. Alichofanana nae ni rangi. Tulikasirika sana, na tulikuwa na haki. Februari 2022 vita ya Ukraine imeanza, wanafunzi wa Kiafrika wanasukumwa nyuma kwenye foleni za treni na mpakani, tukakasirika tena. Basi mimi naomba hasira ile ile, hata robo yake, itumike getini kwetu.

Na mkiniuliza vyuo vya wenzetu vimefanya nini, ntawapa Cape Town kwa sababu ina funzo la kila upande. Afrika Kusini mwaka 1959 walipitisha sheria kuwazuia weusi kusoma vyuo vya weupe, na jina la sheria hiyo mtashangaa, ilikuwa ya kupanua elimu ya chuo kikuu. Kupanua! Sheria inafunga mlango na jina lake linasema karibu. Makaburu wakaondoka, sheria ikafutwa, lakini sanamu ya Cecil Rhodes ikabaki imekaa pale katikati ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Machi 9, 2015 mwanafunzi mmoja akaimwagia kinyesi. Harufu ilifika duniani kote. Aprili 9, mwezi mmoja kamili, sanamu ikanyanyuliwa na winchi ikaondoka.

Ushindi? Ushindi ndio. Ila Oktoba mwaka ule ule wanafunzi wakarudi barabarani, safari hii kwa ajili ya ada, maana sanamu imeondoka na mtoto wa maskini mweusi bado anashindwa kulipa anarudi nyumbani. Sanamu ilichukua mwezi, ada ni vita nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akija hapa na bango, na fulana, na siku maalumu ya kuchukia ubaguzi yenye keki, mi sikatai keki, nakula, ila ntamuuliza sapu wamepata akina nani?

Haya nimalizie na ninachoomba, na naomba kwa majina ya vyeo ili mtu asijifanye hajasikia.

Walimu wenzangu, makundi ya asaimenti pangeni nyie. Chukua orodha, hesabu moja mpaka saba, kwisha, dakika tatu. Toka nimeanza kufanya hivyo yule kijana wa Kigoma ameshakuwa kiongozi wa grupu, na waliokuwa wanamwita Mrundi ndo wanamfuata awafundishe takwimu. Na mtihani usahihishwe kwa namba, jina lisionekane, sijali wewe ni mtakatifu kiasi gani, jina la mtu linakwambia kabila, dini na mkoa kabla hujasoma jibu la kwanza.

Ofisi ya mitihani, herufi kubwa na muda wa ziada viwe kwenye utaratibu ulioandikwa, mwanafunzi aombe mara moja anaingia mwaka wa kwanza, mpaka anamaliza. Isiwe kila mtihani anaenda kupiga magoti kwa mwalimu mmoja mmoja kama anaomba hisani.

Ulinzi, kama ni kukagua kagua wote. Kama hamuwezi kukagua wote msikague mtu kwa masikio yake.

Mshauri wa wanafunzi, dada yangu nakuona pale usiiname, tunataka daftari la malalamiko lenye tarehe. Lalamiko limeingia lini, limejibiwa lini, limeishaje. Sio sanduku la maoni lenye kufuli ambalo ufunguo ulipotea. Na anayelalamikiwa asiwe ndo anayesikiliza, hilo nalo limeshatokea mahali, naliacha.

Uongozi, kila semista mtutolee hesabu. Waliopata sapu, waliodisko yaani walioondolewa kwa kufeli, walioacha chuo, wanatoka mikoa gani, wangapi wanawake, wangapi wana ulemavu. Bila majina. Chuo kina hesabu ya viti vyote vilivyovunjika, inashindikana vipi kuwa na hesabu ya watu?

Maadmini wa magrupu, nyie mna nguvu kuliko mkuu wa chuo, mnajua. Ile sitika futeni leo, kabla hamjafika nyumbani.

Semina ya siku mbili yenye bahasha na chai ya saa nne siiombi. Nimehudhuria nyingi, vitafunwa vizuri, watu wanarudi walivyokuja.

Mwenyekiti ananionesha saa. Ukumbi huu una harusi saa kumi na wapambaji wako mlangoni na maua yao. Tuna dakika kumi na tano za maswali, maiki iende kwanza kwa wale wa mlangoni, halafu yule mama mwenye mtoto mgongoni, baada ya hapo wengine. Na mzee wangu wa mbele hapa, najua una la kusema kuhusu kura tatu, nakuomba uwe wa mwisho maana ukianza wewe harusi haitafungwa.